Ukaidi Kumi wa Yannis Tsarouchis

Wapo wachoraji waliojikata sikio, wapo waliokimbilia visiwani, na yupo Yannis Tsarouchis, Mgiriki aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu: kutosikia la mkuu. Wahenga walisema mtu wa aina hiyo huvunjika guu. Huyu hakusikia la mwalimu, la jeshi, la waziri, wala la Paris, na guu likabaki zima kiasi cha kucheza zeibekiko, ile ngoma ya mtu mmoja inayochezwa kama vile mchezaji amepoteza kitu sakafuni na ana hasira nacho.

Alizaliwa tarehe 13 Januari 1910, akafariki 20 Julai 1989. Katikati ya tarehe hizo aligombana na karibu kila mtu mwenye muhuri. Nimeupanga ukaidi wake kuanzia mdogo hadi mkubwa. Asiyeridhika na mpangilio aandike wake, karatasi bado zinauzwa.

10. Aligoma kuihama bandari

Kila mtoto wa bandari huota meli itakayomwondoa. Tsarouchis wa Piraeus, bandari ya Athens, aliondoka mara nyingi, lakini brashi yake haikupanda meli hata moja. Maisha yake yote aliendelea kuchora mabaharia, wanajeshi wa likizo, wenye vijiwe vya kahawa, na zile nyumba za karne ya 19 zilizojengwa kama mahekalu ya kale. Piraeus ilijaa nyumba hizo: mwenye nyumba ni mfanyabiashara wa kawaida kabisa, lakini juu ya paa kasimamisha mungu wa kike wa udongo, kana kwamba Athena mwenyewe analipa kodi chumba cha juu.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, mwaka 1922, bandari ilifurika wakimbizi Wagiriki kutoka Asia Ndogo. Walifika na mabegi machache na nyimbo nyingi. Watu wa heshima waliziba masikio, mtoto Tsarouchis akayazibua ya kwake.

9. Alisoma kwa walimu waliopingana

Kuanzia 1929 hadi 1935 alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sanaa ya Athens, na mmojawapo wa walimu wake alikuwa Konstantinos Parthenis, baba wa usasa wa Ugiriki. Ungedhani inatosha. La. Kuanzia 1931 akajipachika pia kwa Fotis Kontoglou, mkimbizi kutoka Aivali, Asia Ndogo, mtu aliyeamini kwamba uchoraji wa Kigiriki ulipotea njia siku ulipoanza kuiga Ulaya Magharibi, na kwamba dawa yake ni kurudi kwenye ikoni za Bizanti.

Tofauti haikuwa ya maneno tu. Shuleni ulifundishwa kuweka kivuli ili uso uonekane mviringo. Kwenye ikoni mambo yako kinyume: unaanza kwa kupaka uso mzima rangi ya giza, kijani cha mzeituni, kisha unapandisha mwanga tabaka kwa tabaka, mpaka mtakatifu anachomoza gizani kama mtu anayefungua mlango alfajiri. Asubuhi Tsarouchis anajifunza kutia giza, jioni anajifunza kulitoa. Njia mbili zilimshinda fisi, lakini fisi hakuwa na subira yake.

Mwaka 1932 yeye na Nikos Engonopoulos, mwanafunzi mwenzake, walimsaidia Kontoglou kuchora kuta za nyumba yake mjini Athens. Vikaja vita, ikaja njaa, Kontoglou akaiuza nyumba ili familia ile, na kuta zikapakwa rangi juu. Baadaye michoro ilifukuliwa chini ya rangi ile, na leo iko kwenye jumba la taifa la sanaa. Nyumba nyingine huthaminiwa zaidi zikishabanduliwa ngozi.

8. Alimpa Karagiozis kiti cha profesa

Huyu Karagiozis ni nani? Ni kikaragosi wa mchezo wa vivuli: ana kibyongo, hana viatu, mkono mmoja mrefu kupita kiasi, na njaa isiyokoma. Anaishi kwenye kibanda kilichoinama mbele ya kasri la pasha, na kila jioni anabuni hila mpya ya kupata chakula. Asili yake ni Uturuki. Ukimfahamu Abunuwasi, basi ushamfahamu binamu yake.

Wasomi wa Athens walimwona ni burudani ya watoto na wapagazi. Tsarouchis aliyatazama mabango ya Sotiris Spatharis, bingwa wa mchezo huo, kwa macho ambayo wenzake waliyahifadhi kwa ajili ya Louvre. Rangi bapa, mstari mzito, mtu anasimama ubavu na bado anakutazama. Akachukua pia mapishi yenyewe: rangi ya unga iliyokorogwa na gundi, vitu vya bei ya chini, vinavyokauka haraka na kung'aa bila mng'ao wa mafuta. Leo makumbusho ya Tsarouchis na makumbusho ya vivuli ya ukoo wa Spatharis yako kitongoji kimoja, Marousi. Profesa na mwanafunzi wanapanda treni moja.

7. Alienda Paris kumtafuta jirani

Hapa ndipo ninapocheka kila mara. Mwaka 1935 kijana anafunga safari kwenda Paris, makao makuu ya usasa. Anakutana na Matisse. Anakutana na Giacometti. Halafu anaingia nyumbani kwa Tériade, mchapishaji wa vitabu vya sanaa mwenye asili ya kisiwa cha Lesbos, na kitu kinachomwacha mdomo wazi ukutani ni picha za Theophilos.

Theophilos! Yule mzee wa Lesbos aliyetembea mitaani na marinda meupe ya mashujaa wa zamani, akachekwa na watoto, akachora kuta za mikahawa na maduka kwa malipo ya sahani ya chakula. Alikuwa amefariki mwaka mmoja tu nyuma, 1934, maskini kama alivyozaliwa. Kwao aliitwa chizi, Paris ikamtundika sebuleni. Mwaka 1961 picha zake zikafika kwenye jengo la Louvre, na bila shaka wale watoto waliomcheka wakaanza kusimulia jinsi walivyokuwa marafiki zake.

Tsarouchis alielewa somo mara moja. Kile ambacho Matisse alikifikia kwa kuvua joho la chuo, rangi safi, uso bapa, hakuna kivuli cha kudanganya jicho, mzee wa Lesbos alikuwa nacho bila kuvaa joho lolote. Wachoraji wengine wa nchi ndogo walirudi kutoka Paris na Paris mkobani. Huyu alirudi 1936 na Lesbos.

6½. Vita

Mwaka 1940 Italia iliivamia Ugiriki kupitia Albania, naye akaenda mstari wa mbele. Hata huko alimchora Bikira Maria wa Ushindi. Nafasi hii nimeikata nusu kwa sababu vita havina utani.

6. Mwendesha baiskeli

Ipo picha ya mwaka 1936 ambayo jina lake lenyewe ni kichekesho: mwendesha baiskeli aliyejigeuza askari wa marinda, na hekalu upande wa kulia. Ndivyo inavyoitwa, na ndicho kilichomo. Hekalu limewekwa pale kama mtu anavyoweka chumvi mezani, mradi lipo. Kijana yuko juu ya baiskeli na sketi nyeupe ya kishujaa, ile ambayo walinzi wa ikulu bado wanaivaa na watalii bado wanaipiga picha.

Ugiriki nzima imo: uzee wa hekalu, majivuno ya sketi, na magurudumu mawili ya kisasa yasiyojua yanakokwenda. Kuna msemo unaonasibishwa na Tsarouchis, ambao Wagiriki huutumia mpaka leo, kwamba nchini mwao mtu ni kile anachojitangaza kuwa. Basi huyu kajitangaza. Mnyororo usinase marinda tu.

5. Alimvisha Maria Callas

Mchoraji hali turubai. Tsarouchis alikula jukwaa: alichora mandhari, alibuni maleba, alipamba hata filamu. Ile *Stella* ya mwaka 1955, ya mwongozaji Michael Cacoyannis, iliyomtoa Melina Mercouri kwenye sinema, mandhari yake ni mkono wake.

Mwaka 1958 safari ikamfikisha Dallas, Texas, katika opera ya *Medea* iliyoongozwa na Alexis Minotis, Medea mwenyewe akiwa Maria Callas. Hebu fikiria: Mgiriki anaongoza, Mgiriki anapamba, binti wa Wagiriki anaimba kwa Kiitaliano hadithi ya mama wa Kolkhi aliyesalitiwa na mume wa Kigiriki, na wanaosikiliza ni wafugaji na wenye visima vya mafuta. Siku zile zile mkuu wa Metropolitan Opera ya New York, Rudolf Bing, akamfuta Callas kazi. Inasemekana mwimbaji mwenye hasira huimba vizuri zaidi, na nafasi ya Medea inahitaji hasira kwa kilo.

Onyesho hilo lilihamia Covent Garden, London, mwaka 1959, kisha Epidaurus na La Scala mwaka 1961. London alikuja kulitazama tajiri wa meli, Aristotle Onassis, akamfanyia Callas karamu. Yaliyofuata mnayajua: mapenzi yao, kisha Onassis akamwoa mwanamke mwingine. Laiti dada angeisikiliza vizuri hadithi aliyokuwa akiiimba mwenyewe.

4. Alisababisha ndege wapigwe marufuku

Tarehe 29 Agosti 1959, kwenye ukumbi wa mawe wa Herodes Atticus chini ya Akropolisi, mwongozaji Karolos Koun alionyesha *Ndege* ya Aristophanes. Tsarouchis alibuni mandhari na maleba, Manos Hadjidakis akatunga muziki. Koun na Tsarouchis walijuana tangu 1934, walipoanzisha pamoja kikundi kilichoitwa Jukwaa la Umma, kwa hiyo kila mmoja alijua kiwango cha ukorofi wa mwenzake.

Hadithi ni ya Waathene wawili waliochoshwa na mji wao, wakaenda kujenga mji mwingine hewani pamoja na ndege. Imeandikwa mwaka 414 kabla ya Kristo, ungedhani muda wa kukasirika umeshapita. Lakini ndani yake yumo kuhani, na Koun alimfanya aimbe kama padri wa Kiorthodoksi wa mtaa wa pili. Sehemu ya watazamaji ikazomea. Kesho yake waziri Konstantinos Tsatsos akafuta maonyesho yaliyobaki.

Tujaribu kumwelewa waziri. Wagiriki walikuwa wamezoea kuiona tamthilia ya kale ikiwa imevaa shuka jeupe na kuongea kama marumaru. Tsarouchis na wenzake waliileta ikiwa na rangi za Karagiozis na harufu ya sokoni. Ni kama mtu awaletee babu yenu mliyemzoea kwenye picha ya ukutani, mzima, anataka chai na anasimulia matusi ya ujana wake.

Mwaka 1962 *Ndege* wale wale waliruka hadi Paris, kwenye tamasha la Ukumbi wa Mataifa, wakarudi na tuzo ya kwanza. Tsatsos naye akapanda cheo: mwaka 1975 akawa rais wa nchi. Kila mtu alipata mji wake hewani.

3. Alikaa mkahawani miaka kumi

Kwenye uwanja wa Omonoia, Athens, kulikuwa na mkahawa mkubwa ulioitwa Neon, maana yake Mpya, na kama ilivyo ada ya vitu viitwavyo vipya, ulikuwa mzee. Dari juu sana, madirisha marefu, meza za wanaume wasio na haraka. Tsarouchis aliurudia katika picha zake kuanzia katikati ya miaka ya 50 hadi katikati ya miaka ya 60, mchana na usiku.

Nasimama hapa kidogo, maana picha hizi hazina kisa. Hakuna anayelia, hakuna anayebusu. Watu wameketi. Lakini taa ya usiku imewekwa kwa ustadi alioujua kwa kunakili mabwana wa Magharibi, na utulivu wa wale wateja ni ule wa mitume kwenye ukuta wa kanisa. Zile shule mbili za namba tisa ndizo hizo, zinakunywa kahawa meza moja. Wenzake wa kizazi kile walizungumza sana kuhusu namna ya kuchanganya Mashariki na Magharibi, wakaandika na makala. Yeye aliagiza kahawa.

2. Aliwachora mabaharia kama watakatifu

Hii ndiyo kesi yenyewe.

Mwaka 1949 wachoraji walioitaka sanaa mpya waliunda kundi lililoitwa Armos, yaani Kiungo. Walikuwemo Nikos Hadjikyriakos-Ghika, Yannis Moralis, Engonopoulos, na bila shaka mkaidi wetu. Mwaka 1952 kundi lilifanya maonyesho kwenye jumba la Zappeion, katikati ya Athens. Picha mojawapo ya Tsarouchis ilionyesha baharia ameketi, na kando yake mwanamume amelala uchi. Upande wa wanamaji ukachafuka kwamba sare imevunjiwa heshima. Picha ikashushwa.

Uchi haukuwa tatizo. Athens imejaa wanaume uchi wa marumaru, watoto wa shule hupelekwa kuwatazama na walimu wao. Tatizo lilikuwa kwamba wale wa marumaru hawana kofia ya jeshi pembeni. Mungu Apollo akiwa uchi ni urithi wa taifa. Akiwa uchi koplo fulani wa Piraeus mwenye zamu kesho asubuhi, ni kosa la nidhamu.

Tsarouchis aliwapenda wanaume na hakujifanya vinginevyo, katika nchi ambayo kanisa, jeshi na serikali vilikaa benchi moja. Lakini anayedhani picha zile ni za tamaa tu hajazitazama vizuri. Wanajeshi wake wana macho makubwa yaliyotulia, macho ya zile picha za Fayum, Misri, ambazo watu wa enzi za Warumi walibandikwa usoni wakizikwa. Wanakutazama kama watu wanaojua kwamba likizo ni fupi. Ni vijana wa vijijini waliovishwa sare nyeupe, wana pesa ya sigara na jioni moja, na mchoraji kawapa kile ambacho Bizanti ilimpa Mtakatifu Georgi: mandhari ya rangi moja, kimya, na muda. Mwaka 1969 akawageuza kuwa majira manne ya mwaka. Wengine akawatia mabawa ya kipepeo. Jeshi halikuwahi kuwapandisha cheo namna hiyo.

Na adhabu ilimfikisha wapi? Mwaka 1953 aliingia mkataba na Alexandros Iolas wa New York, Mgiriki aliyezaliwa Alexandria, aliyeacha kucheza baleti akawa muuza picha, mtu ambaye mwaka mmoja kabla alihusika kumpa kijana mmoja aitwaye Andy Warhol onyesho lake la kwanza la peke yake. Mwaka 1958 Tsarouchis alikuwa miongoni mwa waliowakilisha Ugiriki kwenye maonyesho makubwa ya Venice. Mwaka 2021, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, Chicago ilimfanyia maonyesho yake makubwa.

1. Aliipeleka Troia kwenye maegesho ya magari

Tarehe 21 Aprili 1967 makanali waliipindua serikali. Watu wengine hupewa notisi, mkaidi hujiandikia mwenyewe: Tsarouchis akahamia Paris, akakaa huko miaka mingi akichora. Utawala wa kijeshi ukaanguka Julai 1974.

Mwaka 1977, akiwa na miaka 67, alirudi Athens na wazo la kuonyesha *Wanawake wa Troia* ya Euripides. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kigiriki cha leo, akaiongoza mwenyewe, mandhari na maleba akabuni mwenyewe. Angalau hakucheza Hekuba, malkia mzee wa Troia. Ukumbi? Ugiriki imejaliwa kumbi za mawe zenye umri wa miaka elfu mbili na zaidi, zenye mwangwi wa kusifika na mandhari ya milima. Yeye akachagua kiwanja cha kuegesha magari, Mtaa wa Kaplanon, katikati ya jiji.

Ukifikiria vizuri hakuna mahali panapofaa zaidi. Troia imeteketezwa, wanaume wameuawa, wanawake wamekaa chini wakisubiri kuambiwa kila mmoja kagawiwa kwa bwana gani. Wako mahali ambapo palikuwa na nyumba na sasa hapana. Na Athens ya miaka ile ilikuwa imebomoa nyumba zake nyingi za zamani, zile zenye miungu ya udongo juu ya paa, ili ipate nafasi ya maghorofa na magari. Mtoto wa Piraeus hakuhitaji kuchora magofu, alikodi yaliyokuwepo.

Watu wakaja, wakaketi mahali pa magari, wakamsikiliza malkia mzee akiulilia mji wake huku honi zikipita mtaani. Wenye magari usiku ule walitafuta pa kuegesha kwingine.